Rotoskopi: Kazi ya Kuchora Juu ya Mwendo wa Mtu Halisi

Kuna filamu za katuni ambazo mtazamaji hamalizi dakika mbili kabla ya kuhisi kwamba mwendo wa mhusika una jambo lisilo la kawaida. Uso umechorwa, nguo zimechorwa, hata kivuli kimepakwa rangi kwa mkono, lakini mhusika anapogeuka, bega hutangulia kichwa kwa kadiri ndogo sana, uzito wa mwili huhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na kidole hugusa ukosi wa shati bila sababu yoyote, kama vidole vya watu vifanyavyo kila siku. Ni vigumu kumfikiria mchoraji aliyeketi mezani akabuni jambo dogo kama hilo kutoka kichwani. Limetoka kwa mtu aliyesimama mbele ya kamera, na mchoraji amelifuatisha. Kazi hiyo huitwa rotoskopi: mtu au mnyama halisi hupigwa filamu, kisha mchoraji huchora juu ya kila picha ya filamu hiyo, yaani kila fremu, moja baada ya nyingine, mpaka mwendo wa aliyepigwa picha uwe mwendo wa mchoro.

Maelezo hayo ni mafupi na ni sahihi, lakini yamezaa dhana mbili ambazo zimeidhulumu sanaa hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Ya kwanza ni kwamba rotoskopi ni njia ya mkato kwa wasiojua kuchora. Ya pili ni kwamba kila katuni ambayo mwendo wake unafanana na wa watu imetengenezwa kwa njia hiyo. Dhana zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kudhani kwamba kinachochukuliwa kutoka kwenye filamu ni picha. Kinachochukuliwa hasa ni muda: mkono umeanza kusogea lini, umepita wapi, umesimama baada ya fremu ngapi. Picha yenyewe inabaki kazi ya mchoraji, na kila mstari wake ni uamuzi ambao kamera haikumfanyia.

Uzito wa kazi hii huonekana hata kwa hesabu ndogo. Filamu ya kawaida huonyeshwa kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zisizosogea ambazo jicho huziunganisha na kuziona kama mwendo mmoja. Filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Wahuishaji wengi, yaani wachoraji wa filamu za katuni, huchora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo michoro 12 inatosha kwa sekunde moja, lakini hata hivyo idadi haishuki chini ya 64,800. Anayesema kwamba kufuatisha ni kazi ya mvivu hajawahi kukaa mbele ya mrundo wa namna hiyo.

Aliyeifanya njia hii kuwa mashine ni Max Fleischer, aliyezaliwa Kraków mwaka 1883 na kukulia New York. Katika miaka ya 1910 katuni nyingi zilikuwa na mwendo wa kushtuka-shtuka, kwa sababu wachoraji walikisia kila hatua na hawakuwa na kitu cha kupimia makisio yao. Fleischer, ambaye alipenda mitambo kama alivyopenda kuchora, aliomba hataza ya chombo chake mwaka 1915 na akapewa mwaka 1917. Chombo chenyewe hakikuwa na mambo mengi. Projekta iliangaza fremu moja ya ukanda wa filamu kwenye kioo, upande wa pili wa kioo mchoraji alibandika karatasi na kufuatisha alichokiona, kisha ukanda ulisogezwa kwa fremu moja na karatasi nyingine ikabandikwa. Ndugu yake Dave alivaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi na kurukaruka mbele ya kamera, na jaribio hilo la kwanza, ambalo halikufika mbali kwa urefu, liliwachukua karibu mwaka mzima. Mchekeshaji huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama Koko, na kuanzia mwaka 1918 alikuwa nyota wa mfululizo wa filamu fupi ulioitwa Out of the Inkwell.

Watazamaji wa wakati huo walishangazwa na ulaini wa mwendo. Michoro ya Koko yenyewe ilikuwa sahili: vazi jeusi lenye vifungo vikubwa, uso mweupe, kofia iliyochongoka. Hakuna aliyedhani kwamba anamwona mtu wa kweli, na bado mchoro huo sahili ulitembea kama mtu. Hapo ndipo fumbo zima la rotoskopi lilipo tangu siku ya kwanza, na ili kulifumbua hatuna budi kukaribia meza ya mchoraji.

Tuchukue kipande kifupi cha filamu, sekunde moja na nusu hivi, ambapo mtu aliyeketi kwenye kiti anainuka. Hizo ni fremu 36. Mtu ambaye hajawahi kuchora mwendo hufikiri kwamba anayeinuka huenda juu. Fremu zinaonyesha vingine kabisa. Katika fremu za mwanzo huyu mtu anarudisha nyayo nyuma, anainamisha kiwiliwili, na kichwa chake kinashuka. Anakwenda mbele na chini kabla ya kwenda juu, kwa sababu asipouleta uzito wake juu ya nyayo hataweza kunyanyuka. Mikono inakandamiza magoti, kisha makalio yanaachana na kiti, kisha kunatokea fremu mbili tatu ambazo karibu hakuna kinachosogea, kama kwamba mwili unakusanya nguvu, na ndipo magoti na mgongo vinanyooka kwa haraka. Mwishoni anapita kidogo kimo chake cha kawaida, halafu anatulia. Mchoraji aliyefuatisha kipande hicho mara moja kwa makini amejifunza jambo ambalo kitabu kingemweleza kwa kurasa nyingi, na mimi ninaamini kwamba hiyo peke yake inatosha kuipa rotoskopi nafasi katika mafunzo ya kila mhuishaji.

Lakini sasa aanze kuchora. Shati la huyo mtu lina mkunjo karibu na kwapa. Katika fremu ya kumi mkunjo unaonekana kama mstari mmoja mweusi, katika fremu ya kumi na moja umegawanyika mara mbili, katika ya kumi na mbili umemezwa na kivuli. Akichora kila alichokiona, mstari huo utawaka na kuzimika kwenye kioo cha kuonyeshea na kumvuta mtazamaji macho bila sababu. Akiuacha kabisa, shati litakuwa ganda tupu. Kwa hiyo anauchagua mkunjo mmoja, anaamua unaanzia wapi na unaishia wapi, na anausafirisha katika fremu zote hata pale ambapo filamu inasema haupo. Pua nayo ni shida ya aina nyingine. Kwenye picha, pua inayotazamana na kamera haina mstari wowote, ila mwanga unaofifia taratibu kuelekea kivuli, na mchoraji ndiye anayeamua mwanga uishie wapi na mstari uanzie wapi. Meno ni mtego unaojulikana: ukichora mpaka kati ya jino na jino, kama kamera inavyoonyesha, kinywa cha kijana mwenye sura nzuri hugeuka kuwa kinywa cha fuvu. Na mkono unaokwenda kwa kasi hauna umbo kabisa kwenye fremu. Ni ukungu tu, na ndani ya ukungu huo mchoraji lazima aweke vidole vitano mahali fulani, au akubali kuuchora ukungu kama ukungu.

Mashine haikumsaidia katika lolote kati ya hayo. Imempa mahali na muda, basi.

Kutokana na hali hiyo tunaweza kueleza kasoro inayotambulika upesi kuliko zote katika kazi za rotoskopi, yaani mistari inayotetemeka. Mkono wa binadamu hauwezi kupitisha kalamu mahali palepale mara mbili. Tofauti ya unene wa uzi kwenye karatasi huwa kubwa mno ikitupwa kwenye kioo cha sinema chenye upana wa mita kadhaa, na tofauti hizo zikifuatana mara 12 au 24 kwa sekunde, ukingo wa umbo huonekana kama maji yanayotokota. Katika uchoraji wa katuni wa kawaida tatizo hili hupunguzwa kwa kuchora sehemu isiyosogea mara moja tu, kwenye karatasi angavu ya peke yake, na kuitumia tena katika fremu zinazofuata. Kwenye rotoskopi karibu kila kitu kinasogea kidogo, kwa sababu mtu aliye hai hatulii kabisa hata akisimama wima. Anapumua, anayumba, anapepesa macho. Mchoraji anapofuatisha vyote bila kuchuja, anapata mhusika anayetetemeka kama mwenye homa.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi kuielewa, kwa maana inapingana na matarajio. Mwendo umetoka kwa mtu mwenye uzito, lakini mchoro unaonekana kuelea. Inakuwaje? Sehemu ya jibu ni kwamba katika filamu macho yetu hayapimi uzito kwa njia ya mwendo peke yake. Tunaona misuli ikikaza chini ya ngozi, kivuli kikigusana na wayo sakafuni, kitambaa kikivutika penye nyonga. Mchoraji anapobakiza mstari wa nje na rangi tambarare, ushahidi wote huo unapotea, na mwendo wenye uzito uliobaki hautoshi kuubeba mwili. Wahuishaji wanaochora kwa kubuni hulifahamu pengo hilo, na hulijaza kwa kutia chumvi: mwili hubonyea zaidi unapotua, hunyooka zaidi unaporuka, mkono hurudi nyuma sana kabla ya kurusha jiwe. Chumvi hiyo ndiyo malipo ya kile kilichopotea wakati mwili ulipogeuzwa kuwa mistari. Aliyefuatisha kwa uaminifu mtupu hakulipa chochote, na deni linaonekana kwenye kioo. Sehemu nyingine ya jibu ni nyayo, kwani mandhari huchorwa mbali na mhusika, na wayo usipolingana na sakafu kwa usahihi katika kila fremu, mhusika huteleza kana kwamba anatembea juu ya barafu.

Studio ya Walt Disney ililiona tatizo hili mapema ilipotengeneza Snow White and the Seven Dwarfs, iliyotoka mwaka 1937. Msichana mcheza dansi, Marge Champion, alipigwa filamu akitembea, akikimbia na kuzungusha sketi yake, na fremu hizo zikachapishwa kwenye karatasi ili wachoraji wazitumie. Hata hivyo, binti wa kwenye mchoro alikuwa na kichwa kikubwa kuliko cha mtu halisi kwa kulinganisha na mwili wake, na kwa hiyo kumfuatisha moja kwa moja kulikuwa hakuwezekani. Inasimuliwa kwamba kuna wakati Champion alivalishwa kofia ngumu ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani ili kichwa chake kikaribie uwiano wa mchoro, na kofia hiyo ikaachwa kwa sababu ya joto. Wachoraji walitoka kwenye filamu na vipimo vya muda na njia ya mwendo, kisha wakachora upya mwili wenye uwiano wao. Wale vijeba saba walichorwa kwa uhuru mkubwa zaidi, na mtazamaji makini ataona ndani ya filamu moja lugha mbili za mwendo zikikaa pamoja, ya binti iliyo laini na ya vijeba iliyojaa chumvi.

Fleischer na ndugu yake waliigeuza tofauti kama hiyo kuwa hoja. Katika filamu yao ya Gulliver's Travels ya mwaka 1939, Gulliver amefuatishwa kutoka kwa mwigizaji halisi, na watu wadogo wanaomzunguka wamechorwa kikatuni. Hapa ule ugeni wa rotoskopi, ambao kwingine ungekuwa dosari, unafanya kazi ya hadithi: Gulliver anaonekana mtu wa ulimwengu mwingine kwa sababu anasogea kama mtu wa ulimwengu mwingine.

Ila kama ningeombwa kutaja mfano mmoja wa kumwonyesha mtu anayeidharau rotoskopi, ningerudi nyuma miaka michache kabla ya hapo, kwenye filamu fupi ambazo studio ya Fleischer ilimtumia Cab Calloway, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya jazi. Ile ya mwaka 1932, Minnie the Moocher, inaanza kwa Calloway mwenyewe mbele ya bendi yake, akiyumba na kuteleza kwa mtindo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Baadaye ndani ya pango anatokea mzimu wenye umbo la mnyama wa baharini aitwaye walrasi, mwenye meno marefu na mwili mnene, na mzimu huo unacheza dansi ya Calloway: magoti yaleyale, kisigino kilekile kinachoburuzwa, mikono ileile inayopunga hewa polepole. Mwili wote wa Calloway umeondolewa na dansi yake imebaki. Mwaka uliofuata, katika Snow-White ya studio hiyohiyo, Koko anageuzwa mzimu mweupe wenye miguu mirefu, anaimba kwa sauti ya Calloway, anatembea kwa hatua za Calloway, na wimbo ukitaja sarafu ya dhahabu kwenye mnyororo wa saa, mwili wake unakuwa mnyororo na sarafu. Dakika hizo ni baadhi ya uhuishaji bora kabisa ninaoufahamu. Kilichofuatishwa ni utu wa mtu mmoja, na kilichobuniwa ni kila kitu kingine, na huwezi kupitisha kisu katikati yao.

Baada ya hapo njia hii ilisambaa kila mahali. Huko Moscow, wachoraji wa studio ya Soyuzmultfilm waliitumia sana mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, wakiiita kwa jina la projekta ya kampuni ya Kifaransa ya Éclair. Nchini Marekani Ralph Bakshi alipiga filamu za waigizaji kwa ajili ya The Lord of the Rings ya mwaka 1978, na katika matukio ya vita alitumia pia picha halisi zilizokolezwa weusi na weupe kisha kutiwa rangi, bila kuchorwa upya kikamilifu. Tofauti hiyo ni ya msingi. Kuichora upya fremu ni jambo moja na kuitia dawa fremu iliyopo ni jambo lingine, na jicho hutambua hata pale mtazamaji asipojua kueleza. Mwaka 1985 video ya wimbo wa Take On Me wa kundi la a-ha ilitumia fremu takriban 3,000 zilizochorwa kwa penseli katika muda wa wiki 16 hivi, na hapo ule mtetemo wa mistari niliouita kasoro ukawa ndio uzuri wenyewe, kwa kuwa hadithi inamhusu mtu anayeishi ndani ya kitabu cha picha na kuhangaika kutoka. Mstari unaochemka ulimfaa mtu ambaye hajatulia upande wowote.

Katika michezo ya kompyuta, sababu ya kuitumia rotoskopi ilikuwa ufinyu. Jordan Mechner alikuwa kijana alipotengeneza mchezo wa Karateka uliotoka mwaka 1984, na alimpiga filamu mwalimu wake wa karate ili kupata mapigo na mateke. Kwa ajili ya Prince of Persia, uliotoka mwaka 1989, alimpiga video mdogo wake David akikimbia, akiruka na kuning'inia akiwa na nguo nyeupe, na kwa mapambano ya panga alifuatisha sekunde chache za filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938 ambazo wapiganaji wake wanaonekana vizuri kwa ubavu. Kompyuta ya Apple II ilikuwa na kumbukumbu ndogo kiasi kwamba mwana mfalme wake alikuwa kitu kidogo cha pikseli chache, asiye na uso wa kusomeka. Hata hivyo aliporuka na kushika ukingo wa ukuta kwa vidole, wachezaji walishika pumzi. Mtu akitaka ushahidi kwamba rotoskopi hubeba muda na haibebi picha, hapa anao: ondoa uso, ondoa mikunjo, bakiza madoa machache ya rangi, na bado David anaruka.

Kompyuta ilibadilisha pia meza ya mchoraji. Bob Sabiston aliandika programu aliyoiita Rotoshop, ambayo ilitumika katika filamu mbili za Richard Linklater, Waking Life ya mwaka 2001 na A Scanner Darkly ya mwaka 2006. Katika programu hiyo msanii huchora mstari kwenye fremu moja, huuchora tena fremu kadhaa mbele, na kompyuta hujaza hatua za katikati kwa kukokotoa. Watu wengi waliposikia hivyo walidhani kwamba kazi imeisha. Ukweli ni kwamba kila dakika moja ya A Scanner Darkly ilichukua saa zipatazo 500 za kazi. Kompyuta hujua kwenda kutoka nukta moja hadi nyingine kwa njia iliyonyooka, ilhali mwili haukatizi njia, bali huzunguka kwenye viungo, na uso unapogeuka kuna mistari inayokufa na mingine inayozaliwa. Shavu linaanza kuficha sikio, na hakuna ukokotoaji wa nukta kwa nukta unaojua kwamba sikio linafichwa. Msanii hana budi kurudi na kurekebisha. Ule mwonekano wa nyuso zinazoelea na macho yanayoteleza kidogo usoni, ambao katika Waking Life uliachwa kwa makusudi kwa sababu filamu inahusu ndoto, ni alama ya ujazaji huo.

Kinyume chake kabisa ni Loving Vincent ya mwaka 2017. Waigizaji walipigwa filamu, kisha wachoraji zaidi ya mia moja wakazichora fremu zipatazo 65,000 kwa rangi ya mafuta kwenye turubai, michoro 12 kwa kila sekunde. Mchoraji alimaliza fremu, ikapigwa picha, kisha akakwangua au kupaka upya sehemu zilizosogea kwenye turubai hiyohiyo kwa ajili ya fremu inayofuata. Maana yake ni kwamba mwisho wa kila tukio fremu zote zilizotangulia zilikuwa zimeangamia chini ya rangi, na turubai ikabaki na fremu ya mwisho tu.

Kutoka hapa tunaweza kuitenga rotoskopi na majirani zake, maana majina haya huchanganywa hata na waandishi wa filamu. Kutumia filamu kama kielelezo ni kuitazama mara nyingi, kuifunga, kisha kuchora kwa macho ya kumbukumbu, na wahuishaji wengi sana hufanya hivyo bila kufuatisha hata mstari mmoja. Waltz with Bashir ya mwaka 2008 hutajwa mara kwa mara kuwa ni rotoskopi, lakini watengenezaji wake walipiga video kwanza, kisha wakachora wahusika upya na kuwasogeza kwa vipande vilivyounganishwa kwenye kompyuta. Unasaji wa miendo nao humvika mwigizaji alama zinazosomwa na kamera nyingi, na matokeo yake ni nambari zinazoonyesha kila kiungo kilikuwa wapi. Nambari hizo hukabidhiwa kwa umbo la pande tatu, na hakuna mstari uliochorwa. Na ndani ya vyumba vya madoido ya filamu, neno rotoskopi lina maana nyingine iliyo ya kila siku zaidi: kuzungushia mstari umbo la mwigizaji katika kila fremu ili kumkata kutoka kwenye mandhari na kumweka mbele ya kitu kingine. Zile panga za mwanga katika Star Wars ya mwaka 1977 zilipakwa mng'ao wake fremu kwa fremu kwa ufundi huo. Mtazamaji hapaswi kuuona hata kidogo, na siku nyingi hauoni, jambo ambalo ni heshima kubwa kwa wanaoufanya.

Jirani wa mwisho ndiye mwenye utata. Kuna programu ambazo huipokea video na kuitoa ikiwa na mwonekano wa mchoro, bila mtu kuamua chochote kuhusu pua wala mkunjo wa shati. Mwaka 2022 Akademi inayotoa tuzo za Oscar iliikataa kwanza filamu ya Linklater ya Apollo 10½ katika kundi la filamu za uhuishaji, kwa hoja kwamba imetegemea mno picha halisi. Watengenezaji walikata rufaa, wakaeleza jinsi wasanii walivyoichora, na uamuzi ukatenguliwa. Naona walistahili kusikilizwa, kwa kuwa swali la haki katika kesi ya namna hiyo ni dogo na linajibika: katika fremu hii, nani aliamua mstari upite hapa?

Swali hilo lina upande wa pili ambao huulizwa mara chache sana, nao unamhusu aliye mbele ya kamera. Mwendo ukifuatishwa, mtu anakuwa ameingia ndani ya filamu kwa mwili wake, hata kama hakuna atakayemtambua. Marge Champion alifanya kazi ile akiwa kijana mdogo, na jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya washiriki wa filamu ilipotoka. Aliishi hadi mwaka 2020, akafariki akiwa na umri wa miaka 101. Anayetaka kumwona aitazame ile sketi. Binti anapogeuka kwa kasi, kitambaa hakigeuki pamoja naye. Kinabaki nyuma kwa fremu chache, kinajaa hewa, kinazunguka mwili na kuupita, kisha kinarudi na kutulia miguuni baada ya yeye mwenyewe kuwa ameshasimama.